Maombolezo Yasiyo na Maneno: Uhakiki wa Kipande cha Piano Kilichosikika Tunduma

Mara nyingi tunapouhakiki muziki wa ibada tunauhakiki kwa maneno yake. Twauliza kama beti zina mafundisho sahihi, kama tafsiri imetulia, kama kwaya imetamka vema. Swali ninalolileta mbele ya wasomaji ni gumu zaidi. Tufanye nini na muziki usio na neno hata moja, usioandikwa popote, uliobuniwa papo hapo na mtu mwenye huzuni, ambaye baada ya kuupiga anatugeukia na kutuuliza tumesikia nini? Nalileta kwa sababu niliulizwa swali hilo mjini Tunduma, nami nikalijibu vibaya. Naamini wengi wetu tungelijibu hivyo hivyo, na kosa lenyewe si la muziki tu. Ni kosa la kichungaji.

1. Kilichosikika

Ilikuwa jioni, baada ya ibada ya kumbukumbu. Marehemu alikuwa dereva wa lori, mmoja wa wale wanaopita Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Alikuwa amefariki safarini, mbali na mpaka, akazikwa huko huko. Ibada ilikwisha, lakini mvua ilikuwa imeshika, na watu wapatao ishirini tukabaki ndani tukiisubiri ipungue. Mwana wa marehemu ndiye mpiga kinanda wa usharika. Kinanda chenyewe ni cha umeme, cha kawaida kabisa. Alikiweka kwenye sauti ya piano, akaipunguza, akaanza kupiga bila kitabu mbele yake. Alipiga kwa dakika sita hivi. Mzee mmoja wa kanisa alirekodi kwa simu yake, ndiyo maana nimeweza kukisikiliza kipande hicho mara nyingi kabla ya kuandika haya.

Nitakieleza kwa solfa, lugha ambayo kila mwalimu wa kwaya anaijua. Kipande kilikuwa katika ngazi ile ya huzuni yenye makao yake katika la. Mkono wa kushoto ulishika sauti mbili tu, la na mi, ukazirudia polepole tangu mwanzo hata mwisho. Mkono wa kuume ulianza na sauti tatu zinazoshuka: do, ti, la. Ukanyamaza. Ukarudia, na kila uliporudia uliongeza sauti moja au mbili, kama mtu anayetaka kusema jambo na kulikatiza. Katikati wimbo ulipanda hadi mi ya juu, na kwa muda mfupi sauti zikachangamka, zikielekea ngazi ya furaha, ile ya do. Lakini mkono wa kushoto haukufuata. Uliendelea na la na mi zake, hata furaha ile ikasikika kana kwamba yatoka nyumba ya jirani. Kisha wimbo ukashuka tena. Mwishoni, mahali ambapo sikio lilitazamia la, kijana alisimama juu ya ti, akaiacha ififie yenyewe, akaondoa mikono.

Mhakiki asiyetaja kasoro hamtendei haki mpigaji. Kasoro zilikuwepo. Mkono wa kushoto ulikuwa na nguvu kupita kiasi, hata mara mbili ukaufunika wimbo. Baada ya kile kilele cha katikati kulikuwa na kama dakika moja ambapo vidole vilikuwa vinatafuta njia tu, vikirudia yaliyokwisha kusemwa bila kuyaongezea kitu. Aidha, alikanyaga pedali kwa muda mrefu mno, sauti zikachanganyika kama rangi zilizomwagikiwa maji. Haya ni makosa ya mkono, na mkono hufundishika. Bali umbo la kipande lilikuwa kamili: hatua tatu zinazoshuka, furaha isiyopata msingi chini yake, na mwisho usiofika nyumbani. Sidhani kwamba mtu hupata umbo la namna hiyo kwa bahati.

2. Waliyoyasema wasikilizaji

Kijana aligeuka akauliza, “Mmesikia nini?” Majibu yalikuwa manne, nami nayapanga kwa utaratibu yalivyotolewa.

Mwalimu wa kwaya alizungumza juu ya mkono wa kushoto na pedali. Alisema kweli tupu, na alisema kwa upole. Lakini alikuwa amejibu swali jingine. Kijana hakuuliza amekosea wapi.

Mwinjilisti alisema kwamba muziki usio na neno haulijengi kanisa, kwa kuwa hakuna ajuaye unasema nini. Hoja yake ina mzizi katika Maandiko, nami nitairudia hapa chini.

Mama mmoja, ambaye kwa miaka mingi amewauzia madereva chakula karibu na geti la mpaka, alikaa kimya kidogo, kisha akasema: “Mimi nimesikia lori limewashwa, halizimwi, wala haliondoki. Mtu yumo ndani anasubiri karatasi zake.” Baadhi ya watu walicheka. Kijana hakucheka.

Jibu la nne lilikuwa langu. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusahihisha mitihani: “Ni kizuri, lakini mwisho wake hauna tumaini. Sisi ni watu wa ufufuo. Ungemalizia kwa do.” Kijana akaitika, “Nimekusikia, Baba Mchungaji.”

Jumapili kadhaa baadaye nilihubiri tena katika usharika ule, naye alikipiga kipande hicho wakati wa sadaka. Alikuwa amenitii. Mkono wa kushoto ulikuwa mwepesi, pedali safi, na mwishoni sauti zote zilipanda hadi do kuu, kwa kishindo, kama wimbo wa kufunga mkutano. Watu wakasema “Amina”. Nami nikiwa nimeketi karibu na madhabahu niliona haya, kwa maana nilitambua kwamba nimesikia uongo, na kwamba uongo ule ulikuwa wangu. Tangu siku ile hakubuni kitu tena. Alipiga yaliyomo katika Mwimbieni Bwana, noti kwa noti, akafunga kinanda na kwenda zake.

3. Arnstadt na Hamburg

Katika kutafuta nilipokosea nilirudi kwa mwanamuziki ambaye sisi Walutheri humtaja upesi kuliko tunavyomsikiliza. Johann Sebastian Bach alikuwa bingwa wa kubuni papo hapo, na kumbukumbu za maisha yake zimehifadhi majibu mawili aliyopewa na wasikilizaji wake.

Jibu la kwanza ni la Arnstadt. Tarehe 21 Februari 1706, Bach akiwa kijana wa miaka 20, baraza la kanisa lilimwita. Pamoja na kumlaumu kwa kukaa Lübeck miezi kadhaa kupita ruhusa aliyopewa, lilimshtaki kwamba anaingiza katika tenzi mageuzi ya ajabu na sauti za kigeni, hata washarika wanachanganyikiwa. Ni lazima tulitendee haki baraza hilo: washarika wanaoshindwa kuimba wana haki ya kulalamika. Lakini kumbukumbu zile zina jambo jingine la kutufundisha. Ilisemwa kwamba hapo awali Bach alikuwa akipiga kwa muda mrefu mno, na alipoonywa na msimamizi wa kanisa akageukia upande wa pili, akawa anapiga kwa kifupi mno. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka kijana wa Tunduma. Mpigaji anayepewa amri badala ya jibu hutii amri, na utii wake huwa ni namna ya kuondoka.

Jibu la pili ni la Hamburg, mwaka 1720. Bach alikuwa na umri wa miaka 35. Mwezi Julai mwaka ule, akiwa safarini pamoja na bwana wake huko Karlsbad, mkewe Maria Barbara alifariki na kuzikwa kabla yeye hajarudi. Kufikia mwezi Novemba alikuwa Hamburg, akapiga ogani ya Kanisa la Mtakatifu Katarina kwa zaidi ya saa mbili mbele ya wakuu wa mji. Waliohudhuria walimwomba abuni juu ya utenzi wa mito ya Babeli, ule unaotokana na Zaburi ya 137, naye akabuni kwa karibu nusu saa. Mpiga ogani wa kanisa hilo, mzee Johann Adam Reincken, alikuwepo akisikiliza. Habari za maisha ya Bach zilizochapishwa mwaka 1754, zilizoandikwa na mwanawe Carl Philipp Emanuel pamoja na mwanafunzi wake Agricola, zasimulia kwamba mzee yule alimwambia alidhani sanaa hiyo imekwisha kufa, kumbe sasa anaiona inaishi ndani yake.

Ndugu msomaji, zingatia mambo mawili. Kwanza, Reincken mwenyewe alikuwa ametunga kipande kirefu juu ya utenzi huo huo. Hakuna aliyekuwa na haki zaidi yake ya kulinganisha, kusahihisha, au kuonyesha jinsi yeye alivyofanya. Hakufanya hivyo. Alisema alichokipokea. Pili, hakuna aliyeandika yale Bach aliyoyapiga siku ile. Nusu saa ile imepotea kabisa, na kilichobaki kwetu ni neno la msikilizaji. Muziki ulioandikwa waweza kuwasubiri wasikilizaji wa vizazi vijavyo. Muziki wa papo hapo una shahidi mmoja tu, yule aliyekuwepo. Hata siku hizi, simu inapoweza kuhifadhi sauti, haiwezi kuhifadhi jibu ambalo halikutolewa.

4. Nani alidai wimbo wa furaha?

Sasa nirudi kwenye hoja ya mwinjilisti. Yeye alisimama juu ya 1 Wakorintho 14, ambapo Mtume Paulo anasema kwamba lugha isiyoeleweka hailijengi kanisa. Na kweli, katika aya ya 7 Paulo anachukua mfano wake kutoka kwa vyombo vya muziki, filimbi na kinubi: visipotofautisha sauti, itajulikanaje kinachopigwa? Lakini tusome kwa makini. Paulo halaumu chombo kwa kukosa maneno. Analaumu sauti zisizotofautishwa, na dawa anayoitoa kwa lugha isiyoeleweka si kuinyamazisha moja kwa moja, bali ni kuwapo mfasiri. Kipande cha Tunduma kilikuwa na tofauti za sauti zilizo wazi, na mfasiri alikuwepo. Alikuwa yule mama wa chakula. Alisikia sauti mbili za mkono wa kushoto akazitambua, kwa sababu amezisikia usiku na mchana kwa miaka mingi: injini inayonguruma mahali pamoja. Mji mzima wa Tunduma huisikia sauti hiyo. Tangu mwaka 2019 taratibu za forodha za nchi mbili hufanyika katika kituo kimoja, lakini kusubiri bado ni sehemu ya maisha ya mpakani. Mimi niliyesoma teolojia nilisikia kanuni iliyovunjwa. Mama yule alimsikia baba wa kijana.

Mintarafu jibu langu mwenyewe, sina budi kulipima kwa Zaburi ile ile iliyopigwa Hamburg. Zaburi ya 137 yasimulia watu walioketi kando ya mito wakilia, wakavitundika vinubi vyao katika miti. Na hapo katika aya ya 3 kuna mtu anayewadai waimbe wimbo wa furaha. Ni nani huyo? Si kuhani wala si nabii. Ni wale waliowachukua mateka. Nimeifundisha Zaburi hii darasani mara nyingi, na sikuwahi kuona kwamba dai la furaha kwa mtu anayeomboleza limewekwa katika kinywa cha mtesi. Nilipomwambia kijana amalizie kwa do, nilikuwa nimesimama upande gani wa mto?

Yawezekana msomaji akasema kwamba tumaini la ufufuo si dai la mtesi, ni Injili. Nakubali kwa moyo wote. Kanisa letu lina sababu ya kuushukuru utenzi wa Pasaka alioutunga Bernard Kyamanywa mwaka 1966, alipokuwa mwanafunzi Makumira, ambao umevuka mipaka na kuimbwa katika lugha nyingi. Lakini utenzi ule unasimama mahali pake, asubuhi ya siku ya tatu. Haufuti Ijumaa. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila aya ya faraja, na waliokusanya Zaburi hawakuiongezea do mwishoni. Luther naye, katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, alimtofautisha mwanateolojia wa utukufu na yule wa msalaba: wa kwanza hubadilisha majina ya mambo, wa pili huliita jambo kama lilivyo. Kwa kipimo hicho ti ya kijana ilikuwa teolojia ya msalaba, na do yangu ilikuwa ya utukufu.

Swali la sauti gani inafaa kanisani si geni katika eneo hili ambalo tangu mwaka 2016 ni Mkoa wa Songwe. Ndugu zetu Wamoravian walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, na Traugott Bachmann aliyefanya kazi huko kati ya Wanyiha hukumbukwa kwa jinsi alivyokubali kujifunza kutoka kwa wenyeji. Katika miaka ya 1930 mmisionari mwingine Mmoravian, Franz Ferdinand Rietzsch, alichunguza kwa bidii ngazi za sauti za nyimbo za kusini-magharibi mwa Tanganyika. Makumira nako, Howard Olson alikusanya tuni za makabila yetu na kuzipa maneno ya ibada. Kazi hizo zote zilianza kwa masikio. Ni aibu ikiwa sisi wenyewe, wazaliwa wa nchi, tutafungua kinywa kabla ya kusikiliza.

5. Namna ya kujibu

Kwa ajili ya wanafunzi wanaojiandaa kwa utumishi, napenda kupendekeza utaratibu. Si mgumu, ila mimi sikuufuata.

Jambo la kwanza ni kusema ulichosikia kabla ya kusema unachofikiri. Anayekuletea huzuni yake kwa njia ya sauti anauliza kama imefika. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkuu mno (Ayubu 2:13). Makosa yao yalianza walipofungua vinywa na kueleza. Ikiwa huna la kusema, kimya kilicho makini nacho ni jibu.

Jambo la pili ni kusema kweli kuhusu kazi ya mkono, kwa wakati wake. Mwalimu wa kwaya hakukosea kutaja pedali. Huzuni haimwondolei mpigaji wajibu wa kujifunza, na kumsifu mtu kwa kuwa tu amefiwa ni kumdharau. Lakini masahihisho yaje kesho yake, kinanda kikiwa wazi na watu wawili wakiwa wameketi.

Jambo la tatu ni kutafuta mahali pa kipande katika ibada badala ya kukibadilisha kipande kifae mahali tulipozoea. Wakati wa sadaka hapakifai kipande hiki. Ijumaa Kuu pangekifaa, hali kadhalika ibada ya kumbukumbu, au kimya kinachofuata maungamo. Kalenda ya kanisa ina nafasi ya kila sauti. Haidai kila sauti iseme yote.

Nilirudi kwa kijana yule baada ya miezi. Nilimwambia nilichopaswa kumwambia jioni ile: kwamba nilisikia hatua tatu zikishuka, na furaha isiyo na sakafu, na mlango ulioachwa wazi. Nikamwomba msamaha kwa habari ya do. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: “Baba Mchungaji, mimi naijua la. Sikuisahau. Lakini baba hakufika nyumbani.”

Ijumaa Kuu iliyofuata alikipiga tena baada ya somo la mateso, na mwisho wake ulikuwa ti. Mkono wa kushoto bado ulikuwa mzito kidogo. Alikuwa ameweka sharti moja tu, kwamba mimi nisiseme kitu baada yake. Nilibaki nimeketi, na washarika wakatoka mmoja mmoja bila kuambiwa. Yule mama wa chakula alibaki wa mwisho, akamsogelea kijana pale kwenye kinanda, nao wakazungumza kwa sauti ya chini. Sikusikia walichosema, wala hakikunihusu.